Stuli Kando ya Kitanda cha Dirishani

Mtu niliyemchukia kuliko wote maishani mwangu nilimuuguza kwa siku kumi na moja bila kukosea dozi hata moja. Alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mume wa mdogo wangu, mkulima wa Kimuli, mwenye kahawa nyingi na sauti ya chini. Nitaeleza alivyofika kwenye kitanda kile, kwa sababu mimi ndiye niliyemfikisha, na nitaeleza kwa mpangilio, kama nilivyozoea kuandika kwenye madaftari yangu.

Niliajiriwa hospitalini mwaka 1978, miezi michache kabla ya vita. Ilikuwa hospitali ya misheni, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka kwetu Chonyonyo. Nilikuwa na darasa la saba na mikono yenye nguvu. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kuosha mabeseni na kuogesha wagonjwa wa kike. Daktari mmoja aliyehama wakati wa vita aliacha kabatini kitabu kinene cha tiba, cha Kiingereza, kisicho na jalada. Hakuna aliyekitaka. Nilikipeleka nyumbani, nikaazima kamusi, nikawa nasoma kurasa tatu kwa wiki, wiki nyingine moja tu. Hata Kiswahili kilikuwa lugha yangu ya pili, maana nyumbani tulisema Kinyambo. Kwa hiyo kila ugonjwa niliujifunza mara tatu: kwa maneno ya kitabu, kwa maneno ya kadi, na kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe anapolalamika.

Kufikia mwaka wa themanini na tatu nilihamishiwa chumba cha mahututi. Jina hilo lilikuwa kubwa kuliko chumba. Kilikuwa na vitanda vinne, mtungi mmoja wa oksijeni, pampu ya kukanyaga kwa mguu ya kunyonya makohozi, na saa ya ukutani. Mashine ya kumpumulia mtu hatukuwa nayo. Tulichoweza ni kumgeuza mgonjwa, kumsafisha kinywa, kuhesabu pumzi zake kwa dakika, na kumtazama. Maabara ilikuwa na darubini moja. Ilionyesha malaria na kifua kikuu, lakini kirusi hakionekani kwa darubini ya aina ile. Kirusi tulikijua kwa alama kinazoacha mwilini na kwa hesabu ya siku. Surua ina siku zake, homa ya ini ina zake, kichaa cha mbwa kina zake. Niliyaandika yote daftarini.

Halafu ukaja ugonjwa ule mpya. Kwetu waliuita Juliana, jina la kitambaa cha mashati ya magendo yaliyovuka mpaka kutoka Uganda, kwa sababu wafanyabiashara wa mpakani ndio walioanza kukonda. Kipimo cha damu hakikuwepo bado kwetu. Kulikuwa na mganga msaidizi, tuliyemwita Daktari kwa heshima, na kalamu yake nyekundu. Akimshuku mtu, alipiga mstari mwekundu juu ya kadi. Mwenye mstari huo hakukaa chumba cha mahututi zaidi ya siku moja. Alihamishiwa mwisho wa wodi ya kawaida, karibu na stoo, bila oksijeni. Mtungi ulikuwa mmoja, na Daktari alisema ni wa yule atakayeinuka. Hesabu hiyo siikatai hata leo. Ninachokataa ni jinsi mstari ulivyopigwa: kwa macho, mtu akiwa amesimama miguuni mwa kitanda, baada ya kuinua upande mmoja wa kanga.

Mdogo wangu alikuwa ameolewa Kimuli. Mumewe alivusha kahawa ya magendo mtoni kwa miaka miwili, akakonda, akafa mwaka wa themanini na saba. Alikufa kwa ugonjwa gani, sijui, na sikuwahi kudai kwamba najua. Siku ya matanga kaka wa marehemu alisimama mbele ya ukoo akasema mwanamke huyu ndiye aliyemleta Juliana katika nyumba yao. Alitaka kibanja, shamba la nyumbani la marehemu. Kilikuwa kibanja kizuri, migomba iliyotunzwa kwa samadi, kahawa chini yake. Wazee wa ukoo walimkatalia, lakini nusu tu. Walisema mjane atakaa pale na watoto wake watatu maadamu yu hai. Akifa, watoto na kibanja vitakwenda kwa kaka wa marehemu.

Basi tangu siku ile kila alipokohoa mdogo wangu, kulikuwa na mtu aliyesikiliza.

Mwaka uliofuata, mwezi wa kuchuma kahawa, aliletwa juu ya machela ya miti, kisha nyuma ya lori. Midomo ilikuwa ya buluu. Alipumua mara arobaini na nane kwa dakika, na joto lake lilikuwa nyuzi thelathini na tisa na nusu. Shemeji, yule kaka wa marehemu, alikuwa ametangulia kwa baiskeli. Nilimkuta mlangoni, kofia mkononi, akimweleza Daktari kwa upole kwamba huyu ni wa ugonjwa ule, mumewe alikwenda nao, wasihangaike sana. Daktari aliinua kanga upande wa kushoto, akaona malengelenge kwenye mbavu, akasema mkanda wa jeshi. Siku zile mkanda wa jeshi kwa mtu mwenye umri wa mdogo wangu ulikuwa kama sahihi ya ugonjwa ule. Kalamu nyekundu ikatoka. Oksijeni angepewa mpaka kesho yake asubuhi, kisha angehamishiwa karibu na stoo.

Nilimwogesha. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, na wanaoogesha huona mwili wote. Malengelenge hayakuwa kwenye mbavu za kushoto tu. Yalikuwa kulia pia, mgongoni, tumboni, ndani ya nywele, na mawili kwenye kaakaa. Wala hayakuwa ya umri mmoja. Mengine yalikuwa vipele vyekundu tu, mengine yamejaa maji, mengine yameanza kukauka na kufanya magamba. Mkanda wa jeshi hukaa upande mmoja, kama mkanda. Huu haukuwa mkanda. Nilimuuliza mdogo wangu habari za watoto. Hakuwa na pumzi ya kusema sentensi, akanionyesha kwa vidole. Mtoto mkubwa alitoka vipele siku kumi na tisa zilizopita, baada ya kutoka shule. Yeye mwenyewe, siku nne zilizopita. Katikati kuna siku kumi na tano. Kitabu kilisema karibu wiki mbili. Kilisema pia kwamba tetekuwanga, ugonjwa wa kitoto, ukimkuta mtu mzima unaweza kushuka kwenye mapafu.

Nilimwambia muuguzi mkuu wa wodi, mama mmoja wa Kilutheri ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Alinisikiliza akiwa anakunja bandeji. Akasema yeye hawezi kufuta mstari wa Daktari, ila anaweza kunisimamisha karibu naye asubuhi.

Asubuhi Daktari alifika na wauguzi wawili nyuma yake. Muuguzi mkuu akasema mhudumu ana neno.

"Neno gani?"

"Huyu ana tetekuwanga, Daktari, na imeingia kifuani."

Alinitazama, kisha akawatazama wauguzi. "Siku hizi hata mabeseni yanasoma," akasema, na wote wawili wakacheka.

Nikasema, "Naomba umgeuze tu. Utazame kulia, halafu utazame kwenye nywele."

Alisita. Nadhani alimgeuza ili anyamazishe jambo hilo mbele ya watu. Akatazama kulia. Akatenganisha nywele kwa kidole. Akamfungua kinywa, akatazama kaakaa kwa tochi, akakaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akauliza habari za watoto, nikampa siku, kumi na tisa na nne.

"Haina maana kwamba hana ule mwingine," akasema.

"Sijasema hana. Nimesema kinachombana pumzi leo ni hiki, na hiki watu huinuka nacho."

Aliandika kadi mpya. Ile ya kwanza aliiweka mfukoni mwa koti, sijui aliipeleka wapi. Hatukuwa na dawa ya kukiua kirusi chenyewe. Tulimpa oksijeni, penisilini kwa ajili ya vijidudu vinavyofuata nyuma ya kirusi, maji ya dripu kwa kiasi kidogo kwa sababu mapafu yaliyolowa hayataki zaidi, na tulimkalisha akiegemea mito. Kucha zake nilizikata fupi. Alihamishiwa kitanda cha dirishani, dirisha likaachwa wazi mchana kutwa, na pazia la shuka likafungwa. Amri ilikuwa moja: asipite pazia mtu ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga. Mimi nilikuwa na makovu mawili kwenye paji la uso tangu nikiwa na miaka kumi na moja. Nilipougua, mama alimpeleka mdogo wangu kwa bibi kule Bugomora ili asiambukizwe. Alimwokoa utotoni, akamwachia deni la ukubwani. Nikakabidhiwa ulinzi wa pazia.

Siku ya tatu jirani yake wa Kimuli alikuja na chakula. Tulikuwa kwenye banda la kupikia nyuma ya hospitali, yeye anapasha matoke, mimi naosha vikombe. Aliniuliza kama aniambie jambo au anyamaze. Nikamwambia aseme.

"Mbile zimeingia shimoni, dada."

Mbile ni ndizi za kutengenezea rubisi, pombe yetu. Hazikamuliwi zikiwa mbichi. Huchimbiwa shimo, hufunikwa kwa majani na kutiwa joto la moshi, zikaiva kwa siku kadhaa. Mtu mwenye shughuli kubwa lazima ahesabu siku nyuma na aanze mapema. Nikauliza ni za sherehe gani. Jirani alitazama sufuria.

"Shemeji yenu anasema matanga hayawezi kukosa pombe. Amekata mikungu kumi na minne." Akakoroga kidogo. "Ameikata kwenye kibanja cha mdogo wako."

Nilimaliza vikombe. Nakumbuka vilikuwa tisa.

Alasiri ile ile alikuja. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kofia mkononi kama kawaida.

"Bado anasema?" akauliza.

"Kidogo."

Nilijua alichofuata. Kwetu, neno la mtu anayekata roho lina nguvu kuliko karatasi. Ndugu wa ukoo akiinama, akatega sikio mdomoni mwa mgonjwa na kupokea neno lake kuhusu mali, wazee hulipokea kutoka kwake. Alitaka atoke pale na neno la kibanja. Hakuwa ameingia nyumba ya mdogo wangu tangu siku ya matanga ya ndugu yake, kwa kuogopa ugonjwa, kwa hiyo watoto walipougua hakuwapo. Hata sasa alikuwa anatazama pazia kwa mashaka.

"Huu ugonjwa wake," akasema, "mtu akikaa karibu?"

"Huo unaousema wewe hauambukizwi kwa kukaa karibu. Daktari amewafundisha hata kanisani."

Hiyo ilikuwa kweli, kila neno. Kisha, kwa sauti ya mazungumzo, nikamuuliza kwa Kinyambo kama utotoni kwao waliwahi kuugua tetekuwanga. Alicheka. Alisema wao walikuzwa kwa maziwa, hayo ya kujikunakuna hayakuwahi kuingia kwao.

Nilifungua pazia. Nilichukua stuli iliyokuwa ukutani nikaiweka kando ya kitanda, karibu na mto, nikasema, "Karibu, shemeji."

Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi kwenye madaftari, nikijaribu kuona kama itabadilika. Haibadiliki. Nilijua ninachofanya. Nilijua idadi ya siku.

Aliinama, akaweka sikio mdomoni mwa mdogo wangu. Akamuuliza kibanja anamwachia nani. Mdogo wangu alikuwa na pumzi ya maneno mawili, nikayasikia nikiwa nimesimama miguuni mwa kitanda.

"Watoto wangu."

"Sisikii," akasema shemeji, akasogea zaidi. Akauliza tena. Akajibiwa hivyo hivyo. Akasema hasikii, akasogea tena, hata shavu lake likagusa mto. Kwa saa ya ukutani alikaa dakika arobaini. Kesho yake alirudi, akakaa tena, na neno alilopewa likawa lile lile. Niliandika tarehe zote mbili, na mbele yake nikaandika tarehe nyingine, baada ya kuhesabu.

Mdogo wangu aliinuka. Siku ya sita pumzi zilishuka hadi thelathini na mbili, siku ya tisa hadi ishirini na nne. Magamba yalidondoka, akaomba kioo, akakitazama, akasema afadhali hakuwa mzuri sana hapo mwanzo. Wakati huo mbile zilikuwa zimeiva na haziwezi kungoja mtu. Shemeji alilazimika kuzikamua, na rubisi ikalazimika kunywewa. Majirani walipouliza shughuli ni ya nini, alisema ni ya kumshukuru Mungu kwa kupona kwa mke wa ndugu yake. Walikunywa siku mbili. Jirani alipotusimulia, mdogo wangu alicheka mpaka akakohoa na ikabidi nimkalishe. Alipotulia aliniuliza, "Siku ile ni wewe uliyempa stuli?"

"Ni mimi."

Alinitazama usoni, kwenye makovu yangu, akaelewa. "Basi ungeisogeza tangu siku ya kwanza," akasema.

Siku ya kumi na sita tangu nilipofungua pazia, walimleta shemeji. Nilikuwa naanika mashuka nikawaona wakipanda kilima, wanaume wanne na machela. Waliiweka chini barazani, wakasimama mbali, na mmoja wao akajifuta viganja kwenye nyasi. Mwaka mzima mgonjwa huyu alikuwa amewafundisha watu wa Kimuli kwamba malengelenge kwa mtu mzima ni Juliana. Walikuwa wanafunzi wazuri.

Daktari alikuwa anajiandaa kwenda Bukoba kufuata dawa, gari linamngoja. Hata hivyo alimvua mgonjwa shati mwenyewe, akamgeuza kushoto, akamgeuza kulia, akatazama nywele na kaakaa. Kisha akaniita.

"Mama, njoo utazame." Hakuwahi kuniita mama kabla ya hapo. "Unasemaje?"

"Tetekuwanga."

"Ameipata wapi?"

Nilisema Kimuli watoto wengi wanayo. Hilo nalo lilikuwa kweli. Akaandika kadi, bila mstari wowote, akaondoka kwa juma zima.

Wale wanaume wanne walikuwa bado barazani. Yule aliyejifuta viganja akaniuliza, "Ni ule?"

Kanuni ya hospitali ilikuwa kwamba mhudumu hatoi habari za mgonjwa. Ni kanuni nzuri, na siku ile niliishika kuliko siku zote.

"Mimi ni mhudumu tu. Muulizeni Daktari."

"Daktari kaondoka."

"Basi mngojeni."

Walitazamana. Kama ingekuwa malaria ningewaambia, wote walijua hivyo. Waliokota machela yao wakateremka kilima, na habari ikafika Kimuli kabla ya jua kuzama.

Aliugua kuliko mdogo wangu. Alifika pumzi hamsini na mbili. Siku ya nne kucha zilikuwa nyeusi na macho yanamtoka, na mikono yangu ndiyo ilikuwa juu ya barakoa ya oksijeni. Watu watadhani hapo ndipo nilipojaribiwa. Sikujaribiwa. Akifa wakati ule angezikwa kwa heshima, watu wangelia, na maneno yake yote mabaya yangezikwa naye. Nilitaka aishi. Nilitaka arudi Kimuli kwa miguu yake, mwenye afya, akutane na watu. Kwa hiyo nilimwomba muuguzi mkuu ruhusa nisaidiane na mhudumu wa kiume, na tulimgeuza kila baada ya saa mbili, nikampima maji aliyokunywa na mkojo alioutoa, nikamnyonya makohozi kwa ile pampu ya mguu mpaka paja likauma, na nikaandika kila dozi ya penisilini na saa yake. Muuguzi mkuu alinisifu mbele ya wengine. Alisema hivyo ndivyo Mkristo anavyomtendea adui yake. Niliinamisha kichwa.

Mke wake hakuingia chumbani. Alikuwa anaacha chakula getini kwa mlinzi, na vyombo havikurudishwa kwake kwa sababu hakuvitaka.

Alipopata pumzi ya kusema, jambo la kwanza aliuliza, "Shemeji, nina nini?"

"Tetekuwanga."

Alilia, mtu mzima, kwa furaha. Kisha akauliza kama nimewaambia watu wake.

"Mimi ni mhudumu tu," nikasema, nikaendelea kukunja shuka.

Alirudi Kimuli na makovu usoni. Yaliyomkuta niliyapata kwa vipande, kutoka kwa jirani na kwa mdogo wangu, na nilivipokea vyote. Rubisi kwetu hunywewa kwa mirija kutoka kibuyu kimoja. Mrija wake ukabaki peke yake, na baadaye akapewa kikombe cha bati. Akimpa mgeni kahawa za kutafuna, ndiyo makaribisho ya kwetu, mgeni alizishika mkononi, akaaga, na zikaonekana njiani kwenye nyasi. Kanisani benchi lake lilikuwa na nafasi. Daktari aliporudi kutoka Bukoba hakuna aliyefunga safari kutoka Kimuli kwenda kumuuliza, maana walikwishajijibu. Shemeji mwenyewe aliwaeleza, lakini kila mgonjwa wa siku zile alikuwa na jina jingine la ugonjwa wake, malaria sugu au kurogwa, kwa hiyo maelezo yake yalimzamisha zaidi.

Kuna jambo moja linalonisumbua, na si yeye. Mwisho wa wodi, karibu na stoo, walilala watu waliokuwa nao kweli ugonjwa ule, na nilikuwa nawaogesha kila siku. Niliuchukua ugonjwa wao nikaufanya fimbo ya kumpigia mtu mwingine. Wao hawakujua, na fimbo hiyo iliwapiga wao pia, kwa sababu kila mtu aliyetupa zile kahawa kwenye nyasi alikuwa anajizoeza kuwatupa wao. Hilo nalo nimeliandika daftarini.

Miezi minne baadaye shemeji alikuja Chonyonyo kwetu. Alikuja kwa miguu, mchana, akasimama uani. Nilimwamkia, nikampa kigoda. Aliomba jambo moja tu: niende Kimuli niwaambie wazee alikuwa anaumwa nini. Wewe wanakuamini, alisema, uliutambua ugonjwa wa mdogo wako Daktari mwenyewe akiwa amekosea. Nilimwacha aseme mpaka akamaliza. Kisha nikamwambia kwamba nitakuja siku ambayo yeye, kwa mdomo wake, mbele ya ukoo, atasema kibanja ni cha watoto wa marehemu, mama yao akiwa hai au akiwa amekufa, na mipaka itatembelewa siku hiyo hiyo.

"Unaniuzia neno la kweli," akasema.

"Wewe ulilipata bure mara tatu, ukasema husikii."

Alitazama chini. Sijui kama wakati ule alielewa habari ya stuli. Kama alielewa, hakusema.

Ukoo ulikaa kwa mdogo wangu, sebuleni na barazani, kwa sababu walikuwa wengi. Alisimama akasema yote kama tulivyopatana. Wazee walitoka wakatembea mipaka, wakapanda miti ya alama pembe nne, wakarudi. Mdogo wangu alikuwa amekaa na watoto wake mkekani na hakumtazama mtu. Huyo mdogo wangu yu hai mpaka leo ninapoandika, na bado analima kibanja kile.

Kisha mkuu wa ukoo akasema mhudumu wa hospitali ameombwa kusema neno. Nikasimama. Nikasema kwamba mtu huyu alilazwa kwa tetekuwanga iliyoingia kwenye mapafu, kwamba Daktari alimpima mbele yangu akaandika hivyo, na kwamba sikuona kwake alama ya ugonjwa mwingine wowote. Nilisema kwa Kinyambo, taratibu, ili hata wa barazani wasikie.

Mkuu wa ukoo akatikisa kichwa kwa huruma.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Baada ya yote aliyowatendea, bado unamsitiri. Una moyo mzuri."

Wengine wakaitikia. Mwanamke mmoja akanishika mkono. Shemeji alinigeukia, uso wake umefunguka wote, akingoja niwakatalie, niape, niwaeleze habari ya siku na malengelenge na kaakaa kama nilivyomweleza Daktari. Ningeweza. Daftari lilikuwa mkobani.

Nilikuwa nimeahidi kusema, na nilikuwa nimesema. Nikakaa. Kibuyu kikaanza kuzunguka, na mtu akaenda jikoni kumtafutia shemeji kikombe.